Nilikuwa Macho

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimesimama, karatasi iko juu ya kabati la vyombo, maana kila nikikaa kuandika barua hii nakumbuka kazi nyingine: mara pazia linataka kufuliwa, mara kucha zinataka kukatwa. Leo nimejinyima kiti. Shemeji na goti lake wanaendeleaje? Bado anapanda ngazi huku akimlaumu fundi aliyezijenga? Na wewe mgongo wako, na zile zamu za wodini zisizojua sikukuu wala Jumapili? Binti yetu na mchumba wake nawawaza kila siku, na sababu yake utaiona huko mbele.

Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, nimerudi kazini. Kuhusu kichwa, ambacho najua ndicho unachotaka kukiulizia ila unaogopa kuniumiza, nacho ni kizima. Shida ndiyo hiyo, Dada. Naomba uisome barua hii ukiwa peke yako na ukiwa umeshakula, na usimpe Shemeji aisome kwa sauti kama anavyopenda.

Dukani wamenipokea kama mtu aliyetoka safari ya hatari. Bosi amenihamishia mashine yangu ya kusagia lenzi karibu na dirisha nipate hewa. Wenzangu wananisemesha polepole na kunizungukia kwa uangalifu, kama vile nimepangwa rafuni pamoja na vioo. Mmoja anayekata fremu, yule mcheshi niliyekusimulia habari zake, hanitanii tena. Alikuwa akinitania tangu nianze kazi pale. Nimetamani anitukane japo kidogo, lakini kila asubuhi ananiuliza kama nimelala vizuri, na mimi namjibu asante.

Nilipokuwa kwako, kwenye kile chumba cha nyuma, uliniuliza haya mambo ya ndoto yalianzaje. Nilikujibu nusunusu. Sasa nakueleza yote kwa mpangilio, na utanivumilia.

Baada ya Mama kufariki nilianza kuota ndoto moja ileile. Niko sakafuni jikoni, kwenye nyumba yetu, nafuta maji yaliyomwagika. Mama anaita kutoka chumbani. Nataka kuinuka, miguu hainisikii. Anaita tena, mimi bado nafuta, na maji hayapungui. Nikiamka taya zinauma kwa jinsi nilivyozikaza. Nilikwambia kwamba kwenye ndoto hiyo Mama ananiita mimi. Hapo nilikudanganya, lakini acha nifuate mpangilio, la sivyo nitakimbia.

Siku moja alikuja dukani mama mmoja mwenye mabega mapana kama mlango wa ghala. Alikuwa mwalimu wa kuogelea, sasa amestaafu. Watoto aliowafundisha walimwita Bi Pumzi, na mpaka leo anajitambulisha hivyo hata kwenye risiti. Alitaka miwani ya kusomea. Nikiwa nampima uso, nikamwona ameinua viganja vyake akavitazama kwa makini, kisha akafunga mdomo, akabana pua, akatulia, akaachia. Nikamwuliza kama ana mafua. Akacheka mpaka nikashindwa kumpima. Akasema alikuwa anahakikisha kama yuko macho.

Alinieleza kwamba mtu akiwa macho, akibana pua na kufunga mdomo, hewa haipiti. Akiwa ndotoni anabana na bado anapumua, na akitazama viganja idadi ya vidole haitulii. Kwa hiyo mtu akizoea kujiuliza mchana, kwa dhati, kama yuko macho au anaota, siku moja atajiuliza usingizini pia, atapata jibu la ajabu, na hapohapo atajua kwamba anaota. Akishajua, ndoto inakuwa yake. Anasimama akitaka, anatembea akitaka, anafungua mlango anaoutaka.

Dada, mimi nilisikia neno mlango tu. Miwani yake niliisaga siku ileile, na alipoifuata nilimwomba anifundishe.

Nilifikiri ni kubana pua basi. Nikawa nabana kila nikikumbuka: ngazini, kwenye foleni, mbele ya mashine. Bi Pumzi aliponitembelea akanitazama nikifanya, akasikitika.

"Unajiuliza kama watu wanavyosalimiana njiani," akasema. "Habari yako, na umeshapita. Simama ungoje jibu."

Akanifundisha kusimama. Nisikie nyayo zangu zinavyokanyaga sakafu. Nitafute sauti ya mbali kabisa ninayoweza kuisikia, halafu ya karibu kabisa. Nijue mkononi nimeshika nini, kina joto au baridi. Nijiulize nimefikaje pale nilipo, nimetokea wapi, kabla ya hapo nilikuwa wapi, maana ndotoni mtu hujikuta tu mahali na haulizi. Baada ya hayo yote ndipo nibane pua, nami niwe tayari kwa jibu lolote.

Kulikuwa na vichekesho vyake. Mteja mmoja, karani wa benki mwenye tai, alininunia kabisa nilipobana pua mbele yake. Akaenda kushtaki. Bosi akaniita nyuma ya pazia, akaniuliza kwa kunong'ona kama mteja ananuka, na kama ananuka, je, ni kiasi cha kumkosesha mtu adabu? Nikamwambia hapana, nilikuwa naangalia kama naota. Akasema basi niwe naota nikiwa nimegeukia ukutani.

Lakini niliendelea, na mambo yakaanza kubadilika. Maji yanayotiririka juu ya jiwe la kusagia, ambayo nimefanya nayo kazi miaka yote hii, nikayasikia kama vile yamefunguliwa jana. Nikagundua kwamba lenzi inapokaribia kuwa sawa inabadili sauti, inakuwa nyembamba. Fundi wa funguo wa mlango wa pili huwa anaimba, sauti nzuri kabisa, nami sikuwa nimejua. Chai nikaionja. Nilikuwa nimekunywa chai tangu msiba bila kuionja hata mara moja, na siku hiyo niliionja nikacheka peke yangu kama chizi.

Ila fahamu ikishafunguka haichagui cha kukuonyesha. Pamoja na maji na nyimbo, nikaikuta pia kichwani mwangu sentensi moja inayozunguka mchana kutwa. Nikifunga kamba za viatu, ipo. Nikipanga fremu, ipo. Nikiosha sahani yangu moja na kijiko changu kimoja, ipo. Sentensi yenyewe ilikuwa hii: mimi ndiye niliyekuwepo. Ilikuwa inazungumza na wewe. Ilikuwa inazungumza na wewe tangu siku ile ulipoingia na mkoba wako begani, ukakuta chumba cha Mama kimeshafungwa.

Nilimweleza Bi Pumzi kuhusu hiyo sentensi, ila sikumwambia inamlenga nani. Akasema wazo likija nilitazame, nilitambue, niliache lipite kama maji yanavyopita chini ya tumbo la mwogeleaji. Mengine niliyaacha yapite. Hilo sikuliacha. Nililikalisha, nikalilisha, nikalilea. Na ndoto niliyokuwa naitafuta haikuja, ilikuja ileile ya zamani, na sakafu yake na maji yake.

Ndipo ukanialika kwako, siku wakwe walipokuja kwa mara ya kwanza. Hapa nitasimulia kwanza kama mlivyoona ninyi.

Uliazima viti kwa jirani na ulitandika kile kitambaa cheupe ambacho hukitoi hovyo. Shemeji alivaa koti lisilofunga tena vifungo, akawa anakaa amejikunja kuficha jambo hilo. Baba wa mchumba, mpima ardhi, aliongea maneno machache na kula sana. Mama wa mchumba, mwenye duka la dawa, alikuwa anauliza kila kitu kwa upole, kama watu wa dawa wanavyouliza. Akauliza kuhusu bibi yake binti, kwamba wamesikia amefariki, pole sana, aliugua muda mrefu? Wewe ulikuwa unamimina juisi. Ukasema kwa sauti ndogo tu, bila kujigamba, ukasema kweli aliugua, lakini hakuteseka. "Alinifia mikononi," ukasema. "Nilimshika mkono mpaka mwisho."

Mimi nikasimama.

"Muongo mkubwa wewe," nikasema. "Hukuwepo. Ulikuja tumeshafunga chumba."

Ukaniambia taratibu, Kitinda, kaa. Sikukaa.

"Na unajua kwa nini hukuitwa? Mama mwenyewe alinikataza. Alisema hataki kukuona."

Binti alikuwa mlangoni na sinia la glasi, likamtoka. Mama wa mchumba aliweka uma wake chini polepole mno. Wewe ulikuwa bado umeinamisha jagi, juisi ikajaza glasi, ikafurika, ikaenda juu ya kitambaa cheupe mpaka ikaanza kudondoka mapajani mwa Shemeji, na hakuna aliyeizuia, wala Shemeji mwenyewe.

Halafu mliniona nikishtuka. Nikajishika pua, nikaangaza macho huku na huku kama mtu aliyeamshwa, nikasema, "Samahani. Jamani, samahani. Nilidhani naota."

Chumba kizima kikashusha pumzi. Shemeji, ambaye alishanitania sana kuhusu mazoezi yangu, akawaeleza wageni kwamba msiba umenielemea, kwamba kuna mwanamke amenitia mambo ya ndoto kichwani. Mama wa mchumba akatikisa kichwa kwa huruma, akasema ameshaona watu wa namna hiyo, tena wengi kuliko tunavyodhani. Wewe ukaweka jagi chini, ukanikumbatia mbele ya wote, nguo zako nazo zikiwa zimelowa juisi, ukasema, "Mdogo wangu anaumwa." Ukanipeleka chumba cha nyuma. Viatu ulinivua wewe mwenyewe, umepiga magoti.

Yaliyofuata unayajua, lakini nayaandika kwa sababu kila moja limekaa kifuani kwangu. Uliomba likizo wodini. Ulinipeleka kwa daktari, naye akasema nipumzike. Uliniosha nywele nikiwa nimekaa kwenye kigoda, ukikinga maji yasiniingie masikioni, kama ulivyokuwa ukifanya nilipokuwa mdogo. Ulimpigia Bi Pumzi simu ukamwambia akajizamishe, na yule mama wa watu hakujitetea, alisema tu anaomba radhi. Mbele yangu ulikuwa unacheka na kunisimulia vituko vya wagonjwa wako. Ila siku moja nilikuja jikoni kuchukua maji, nikakuta umefungulia bomba hadi mwisho, na chini ya sauti ya bomba nikasikia unalia.

Nikarudi chumbani bila maji.

Siku iliyofuata ulikuwa unamenya viazi, umenipa mgongo. Ukaniuliza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwako, sauti ya mtu anayeomba: "Hata kama ulidhani unaota. Yale maneno ya Mama uliyatoa wapi? Mtu haoti kitu hivihivi."

Nikakujibu sijui. Ukasema haya, sawa, ukaendelea kumenya. Maganda yalikuwa yanatoka mazito, na nusu ya kiazi inaondoka nayo.

Dada, wiki hiyohiyo, mchana, kwenye kile kitanda ulichonitandikia, nilipata nilichokuwa nakitafuta. Nilikuwa sakafuni jikoni kwetu, nafuta maji. Mama akaita. Nikasikia magoti yangu yamekaa kwenye ubaridi, nikajiuliza, kama nilivyojiuliza mara nyingi mchana: nimefikaje hapa? Sikuwa na jibu. Nikatazama viganja vyangu, vidole vikawa havitulii, mara vitano, mara sita. Nikafunga mdomo, nikabana pua. Hewa ikapita, baridi na laini, kama vile sikubana kitu. Nikajua. Siwezi kukueleza furaha ile. Kila kitu kiling'aa kama lenzi iliyofutwa. Nikaiambia miguu isimame, ikasimama. Nikaenda, nikafungua mlango wa chumba cha Mama.

Alikuwa amekaa kitandani, mnene kama zamani, na kile kilemba chake cha buluu. Akanitazama akatabasamu. Akasema, "Kifungua, umekuja."

Ni jina lako, Dada. Katika ndoto zote zile, tangu ya kwanza, Mama hakuniita mimi. Alikuwa anakuita wewe.

Nilikuwa najua naota. Nilikuwa najua ndoto ni yangu. Basi nikamwamuru. Nikamwambia, niite mimi, niite Kitinda. Akasema, "Kitinda." Nikamwambia, sema Kitinda ndiye aliyekuwepo. Akasema, "Kitinda ndiye aliyekuwepo." Alisema kwa sauti yangu. Neno la mwisho alilimeza kama ninavyolimeza mimi. Nilikuwa kama mtoto anayemsemesha mwanasesere wake na kujijibu mwenyewe. Nikaona aibu hata ndani ya usingizi, kwa sababu nilitambua kwamba kazi hiyo si mara yangu ya kwanza kuifanya: nilishamtilia Mama maneno mdomoni, tena mbele ya wageni, kwenye meza yako.

Nikaamka. Ulikuwa umesimama mlangoni na shuka safi mkononi. Ukaniuliza nimeota nini. Nikakwambia sikuota kitu. Ukatandika, ukanipigapiga bega, ukaondoka. Kesho yake nikakwambia nimepona, nikarudi kwangu. Ulidhani ni usingizi mzuri umeniponya. Nilikimbia, Dada. Nilikuwa siwezi tena kula chakula chako.

Sasa nimefika pale ambapo ningependa kuiacha kalamu.

Siku ile kwenye meza yako nilikuwa macho. Ulipotamka kwamba ulimshika mkono, kabla sijasimama, nilifanya zoezi langu lote. Nilisikia nyayo zangu ndani ya viatu. Nilisikia pikipiki mbali barabarani, na karibu nikasikia Shemeji anatafuna. Nilikumbuka nimefikaje: nilipanda basi, nilitembea, wewe ulinifungulia mlango. Nikajifanya nataka kupiga chafya, nikafunga mdomo, nikabana pua. Hewa haikupita. Nilikuwa macho kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na nikiwa hivyo, nikiyaona maneno yanavyokuja moja moja na nikiwa na nafasi ya kuyaacha yapite, niliyachagua. Kule kushtuka baadaye ndiko kulikokuwa mchezo. Nilipoona uso wako niliogopa, nikatafuta pa kujificha, nikapaona hapo. Bi Pumzi hakuniharibu. Alinifundisha kuwa macho, nami nikautumia ufundi wake kukuchoma kisu na kisha kujisingizia usingizi.

Na Mama hakusema vile. Hakuwahi. Hakuna siku aliyosema hataki kukuona. Mama alikuwa anakuulizia kila siku. Asubuhi akifumbua macho alikuwa ananitazama, halafu anatazama nyuma yangu, anakutafuta wewe. Nilikuwa nimechukua likizo ya nusu mshahara, nimemgeuza, nimemwosha, nimemlisha kwa kijiko, na kila nikimaliza anauliza Kifungua amefika wapi. Nikawa namwambia nimekupigia simu, uko njiani, zamu zimekubana. Sikuwa nimekupigia. Na wewe ulipopiga, nilikwambia anaendelea vizuri, usiache wagonjwa wako. Nilitaka siku chache tu ambazo ningemtosha. Nilijiambia nitakuita kesho. Wewe ni muuguzi, ungeisikia ile pumzi yake ukajua kesho zimekwisha. Daktari wa Mama anasema hakuna ambacho kingebadilika. Kimoja kingebadilika: ungekuwepo.

Asubuhi ile ya mwisho macho yake yalikuwa hayaoni tena. Akapapasa kitandani, akasema, "Kifungua?" Nikaona nimefika mwisho wa uongo wangu, hakuna tena pa kusogea. Nikaitika. Niliitika kama unavyoitika wewe, ile naam yako ndefu ya kushuka chini. Nikamwambia, "Naam, Mama, nimefika." Akashika mkono wangu. Nilikuwa nimetoka kukamua kitambaa, akasema, "Una mikono ya baridi, umetoka zamu?" Nikasema ndiyo, Mama, nimetoka zamu. Akasema basi kaa. Nikakaa. Hakusema kingine. Alikuwa ameridhika, Dada. Uso wake ulifunguka kwa namna ambayo kwangu sikuiona miezi yote ile, na mimi nilikuwa nimekaa pale nakuonea wivu wewe, mbele ya mtu anayekufa.

Ndiyo maana niliposikia unasema alikufia mikononi mwako, nilichomwa. Uongo ningeuvumilia. Nilichomwa kwa sababu kwa upande wake Mama ilikuwa kweli.

Kabla ya kuandika barua hii nilikwenda kwanza kwa wakwe. Nilimkuta mama wa mchumba dukani kwake, nyuma ya kaunta, na wateja wapo. Nikamwambia hapohapo, nikiwa nimesimama, kwamba sikuwa naumwa, kwamba dada yangu si mtu wa kukataliwa na mama yake, na kwamba niliyasema yale kwa makusudi na ni uongo. Alinisikiliza mpaka mwisho huku mkono wake umeshika chupa ya dawa ya kikohozi. Kisha akanivutia kigoda. Akasema, "Ugonjwa wako ulikuwa rahisi kwetu sote kuuamini." Akaongeza kwamba harusi ni ya watoto na haihusiani na ulimi wangu, lakini kwenye meza ya familia nisikae mpaka dada yangu aje anikalishe yeye. Nikamwambia hiyo ni haki. Bi Pumzi naye nimemwendea. Alilia, mwanamke mkubwa vile. Alikuwa anajilaumu kwamba amemtia mtu wazimu.

Sikuombi msamaha kwenye karatasi hii. Ule ulionipa kwanza niliuiba, na mwizi haendi tena dukani palepale kesho yake akiwa amenyoosha mkono. Ninachokuomba ni kitu kimoja, na ni kwa ajili yako: usilie tena chini ya bomba. Mama hakuwa na kinyongo na wewe hata chembe. Na watu wakikuuliza alikufaje, endelea kuwaambia alikuwa ameushika mkono wako. Mwenye haki ya kusema ule mkono ulikuwa wa nani ni Mama, na yeye alishasema.

Jumapili nipo nyumbani mchana kutwa. Ukitaka kuja kunitukana, njoo, usipunguze hata neno, na usijali majirani. Usipokuja nitajua kwamba bado. Msalimie sana Shemeji, mwambie mimi ndiye nitakayelipia kufuliwa kwa ile suruali, kama doa litakubali. Mkumbatie binti yetu, na umwambie mwenyewe, kwa maneno utakayochagua wewe, kwamba mama yake mdogo hakuwa mgonjwa.

Ni mimi mdogo wako, mwenye akili zangu zote,

Kitinda